Yusuf na Khalil: Kijicho cha Marafiki Katika Riwaya ya Makuzi

Riwaya ya makuzi ni riwaya inayomfuata kijana mmoja tangu utotoni hadi pale anapolazimika kuamua, au kuamuliwa na wengine, atakuwa mtu wa namna gani. Wahakiki wa Ujerumani ndio walioipatia jina, wakitazama hasa kitabu cha Goethe kuhusu kijana Wilhelm Meister kilichotoka kati ya mwaka 1795 na 1796, lakini mwendo wake unafahamika popote penye jando, shule ya bweni na safari ya kutafuta maisha: mtoto anatoka kwao, anakutana na walimu wa kweli na wa uongo, anapenda, anakosea, kisha anarudi akiwa mtu mwingine au harudi kabisa. Juu ya mwendo huo yameandikwa mengi kuhusu baba na mwana, na mengi zaidi kuhusu mapenzi ya kwanza, ilhali uhusiano wa mvulana na mvulana mwenzake umepewa nafasi ndogo kuliko unavyostahili, ingawa ndio unaobeba uzito wa riwaya nyingi za aina hii. Mvulana wa miaka 14 hajipimi kwa baba yake wala kwa mkuu wa mkoa. Hujipima kwa yule anayelala naye mkeka mmoja.

Hisia inayozaliwa katika upimaji huo ina sura mbili, na uchambuzi wa riwaya hizi hauendi mbali bila kuzitenganisha. Wivu, kwa maana itakayotumika hapa, ni hofu ya mtu kupokonywa kile anachokihesabu kuwa chake, kama vile rafiki, dada au heshima aliyokwisha kuipata; kijicho, ambacho kikikomaa huitwa husuda, ni uchungu wa kuona mwenzake ana kile ambacho yeye hana, hata kama mwenzake huyo hakumnyang'anya chochote. Mwanasaikolojia Leon Festinger, katika nadharia ya ulinganisho wa kijamii aliyoitoa mwaka 1954, alieleza kwamba binadamu asiye na kipimo cha uhakika cha uwezo wake hujilinganisha na watu wanaofanana naye, si na walio mbali naye kwa cheo au umri. Ndiyo maana kijicho huwa kikali zaidi palipo na urafiki, na waandishi wa riwaya walikuwa wamelijua jambo hilo muda mrefu kabla ya wanasaikolojia kulipa jina: anayeweza kuumizwa zaidi na ushindi wa kijana ni yule ambaye jana walikuwa sawa.

Katika fasihi ya Afrika Mashariki, mfano ulio tajiri kuliko yote ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise, iliyotoka mwaka 1994 na kuingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker mwaka huohuo. Wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina la Peponi mwaka 2022, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, mwaka mmoja baada ya mwandishi huyo mzaliwa wa Zanzibar kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Yusuf ana miaka 12 hadithi inapoanza, katika mji mdogo wa Kawa ulioinuliwa kwa muda na ujenzi wa reli ya Wajerumani, na anaamini kwamba Aziz, tajiri anayefikia kwao mara kwa mara na kumwachia sarafu kila anapoondoka, ni mjomba wake. Anapandishwa garimoshi pamoja na tajiri huyo hadi pwani, na huko ndiko anakoelezwa ukweli na Khalil, kijana wa miaka 17 au 18 anayeendesha duka la tajiri: mjomba hayupo, baba yake anadaiwa, na yeye amewekwa rehani. Rehani ni kitu kinachoshikwa na mdai mpaka deni lilipwe, na katika biashara ya misafara ya zama zile kitu hicho kiliweza kuwa mtoto wa mtu. Khalil analijua hilo kwa sababu naye ni rehani, aliyetolewa na baba yake kwa deni la namna ileile.

Jina la Yusuf limechaguliwa kwa makusudi makubwa. Kisa cha Nabii Yusuf, kilichomo katika sura ya 12 ya Kurani na katika kitabu cha Mwanzo cha Biblia, ndicho kisa maarufu kuliko vyote vya kijicho cha wavulana: baba anampenda mtoto mmoja kupita wengine, mtoto anaota ndoto za ukuu, kaka zake wanamtupa kisimani, wapita njia wanamchukua na kumuuza kwa bei ya kutupa, na katika nyumba ya bwana wake mpya mke wa bwana anamtamani hata vazi lake linachanwa kwa nyuma. Gurnah amechukua karibu kila kipande cha kisa hicho, yaani uzuri wa mtoto, ndoto (ambazo hapa ni majinamizi ya mbwa wanaorandaranda usiku), nyumba ya tajiri, mke anayeitwa Zuleikha na shati lililochanika; lakini kipande kimoja, ambacho mtu angedhani ndicho uti wa mgongo wa kisa kizima, amekiondoa. Ndugu wenye kijicho hawamo. Anayemuuza Yusuf wa Gurnah ni baba yake mwenyewe, naye hamuuzi kwa chuki wala kwa wivu, bali kwa hesabu za biashara zilizoharibika, na mvulana mkubwa anayemkuta huko, badala ya kuwa ndiye aliyemtupa kisimani, amekwisha kutupwa humo kabla yake.

Badiliko hilo moja linatosha kugeuza maana ya kisa chote. Katika simulizi la kale kijicho kimo ndani ya vifua vya wavulana, na mzee anayegawa mapenzi kwa upendeleo hakemewi sana. Katika Peponi msomaji anaelekezwa kumtazama mwenye mizani, yule mtu mzima ambaye amewaweka wavulana wawili chini ya paa moja na kuwagawia fadhila zisizolingana, kwa upole na sauti ya chini. Aziz si mtu katili, jambo linalofanya usomaji uwe mgumu na wa kweli zaidi. Hapigi, hatukani, ananukia manukato, na mkono wake hutolewa ubusiwe.

Mkono huo unastahili kutazamwa kwa karibu. Kila tajiri anapotokea, Khalil humkimbilia, huushika mkono na kuubusu kwa unyenyekevu wa wazi, naye Yusuf, ambaye bado ana kumbukumbu ya sarafu na ya nyumbani, husitasita. Na Khalil humkaripia tena na tena kwa kuendelea kusema "mjomba" mahali ambapo angepaswa kusema "seyyid". Kwa juu juu hilo ni somo la adabu ambalo mkubwa anampa mdogo ili asije akaingia matatani. Chini yake, hata hivyo, pana mashindano ambayo hakuna kati yao anayeweza kuyakiri, kwa kuwa neno "mjomba" ni dai la udugu ambalo Khalil hakupewa nafasi ya kulitoa hata kwa siku moja, ilhali Khalil ana Kiarabu, lugha anayozungumza na tajiri mbele ya Yusuf asiyeielewa, na hakosi kumtania mdogo wake kwa kutoijua. Kila mmoja ameshika kipande kidogo cha bwana, na kila mmoja anakitazama kipande cha mwenzake. Usiku unapoingia wanalala kwenye baraza ya duka, Yusuf akiwaogopa mbwa na Khalil akimcheka kwa woga huo huku akiwa karibu naye, na hapo utani unafanya kazi mbili kwa pamoja: unamuumiza mdogo kidogo, na unamhakikishia kwamba hayuko peke yake.

Utani wa namna hiyo ni lugha ambayo wavulana wengi wa ukanda huu wameikuta tayari na kuitumia kwa mambo wasiyoweza kuyasema waziwazi. Mvulana anayempenda rafiki yake hamwambii. Humpa jina la kejeli. Anayemwonea kijicho hamwambii pia, naye hutumia jina lilelile, na ni sauti tu inayotofautisha. Gurnah anaisikia sauti hiyo kwa usahihi wa ajabu, hasa katika vituko vya dukani, pale Ma Ajuza, mteja mtu mzima, anapomwita Yusuf mume wake na kumvuta kifuani, na Khalil anashangilia kwa kelele mbele ya wateja. Kicheko chake kinalifanya tukio livumilike, lakini kinatangaza pia kwamba uzuri wa Yusuf ni mali ya hadhara, kitu ambacho yeye Khalil hana na hatakuwa nacho.

Kisha tajiri anamchukua Yusuf katika safari za bara, na Khalil anabaki na duka. Hapa ndipo mwandishi wa kawaida angemfanya aliyeachwa apike fitina, na ni heshima kubwa kwa Gurnah kwamba Khalil hapewi tendo hata moja la hila dhidi ya mwenzake. Hisia yake kali inachelewa, na inapokuja si kijicho, bali ni wivu kwa maana iliyoelezwa juu. Inazuka pale Yusuf, aliyerudi akiwa kijana wa kutazamwa, anapoanza kuingia katika nyumba iliyo nyuma ya ukuta wa bustani na kuzoeana na Amina, msichana ambaye baba yake Khalil alimwokoa kutoka kwa watekaji akamlea kama binti yake, akatolewa pamoja na Khalil kulipia deni, na sasa ni mke wa tajiri. Khalil amebaki katika nyumba hiyo kwa miaka akiamini kwamba kukaa kwake karibu na Amina ndiyo heshima pekee aliyobakiwa nayo. Yusuf anapozungumzia kutoroka na Amina, hamnyang'anyi Khalil mpenzi. Anamnyang'anya sababu ya maisha yake yote, na hasira ya Khalil ni ya mtu anayeonyeshwa kwamba mlango aliodhani umefungwa labda ulikuwa wazi muda wote.

Riwaya haiitaji Singida, lakini nchi ya bara ambayo Yusuf anasafiri na msafara wa tajiri haiko mbali na msomaji wa Mkiwa, kijiji cha Wilaya ya Ikungi ambapo barabara ya kutoka Itigi inakutana na barabara kuu inayotoka Manyoni kwenda Singida mjini. Kusini yake, kati ya Ugogo na Unyamwezi, ilipita njia ya kati ya misafara kutoka pwani hadi Tabora, ikikatiza nyika ya miiba iliyojulikana na wasafiri kwa jina la Mgunda Mkali, na ni katika ukanda huo, huko Kilimatinde, Wajerumani walikojenga boma lao. Wavulana wa rehani, watumishi na wapagazi wadogo walivuka nyika hiyo nyuma ya matajiri wao kwa miongo mingi, na walioandika habari za safari mara nyingi hawakuwaona kuwa watu wa kuandikwa. Peponi inawapa majina baada ya karibu karne nzima.

Mazingira ya leo yamebadilika, lakini mwenye mizani bado yupo. Wavulana wawili wa kijiji cha njia panda kama hicho wanaweza kuchunga pamoja, kupalilia alizeti pamoja na kukaa dawati moja hadi darasa la saba, kisha orodha ya waliochaguliwa inatoka: mmoja anaandaliwa godoro na sanduku la bweni, na mwingine, baada ya miaka michache, anapewa pikipiki ya mtu aiendeshe kwa hesabu, yaani kiasi maalumu cha fedha anachopaswa kumkabidhi mwenye chombo kila siku, apate abiria asipate. Mwenye chombo huyo huitwa tajiri. Urafiki wao hauvunjwi na ubaya wa yeyote kati yao, bali na kipimo kilichowekwa na watu wazima ambao hawakuwafikiria wakati wa kukiweka. Uamuzi wa Baraza la Mitihani la Tanzania mwaka 2023 kuacha kutangaza shule na wanafunzi bora ulijadiliwa sana kwa upande wa biashara ya shule. Kwa yeyote anayesoma riwaya za makuzi kwa makini, upande wake wa pili ulikuwa na uzito uleule, kwa sababu orodha inayosomwa hadharani ni mizani ambayo rafiki wawili wanapandishwa mbele ya kijiji kizima.

Kwamba ulinganisho haulazimiki kuzaa kijicho kunaonekana katika Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1964. Njoroge anapelekwa shule, na kaka yake Kamau anawekwa kwa fundi seremala kujifunza kazi, hali ambayo kwa hesabu ya kawaida ingetosha kuwagombanisha. Lakini familia imeitafsiri elimu ya Njoroge kuwa mali ya wote, na Kamau anaichukulia hivyo. Kijicho kinakosa pa kushika pale faida ya mmoja inapohesabiwa kuwa ya nyumba nzima. Ni kweli pia kwamba mzigo unaomwangukia Njoroge kwa sababu hiyo ni mzito kupita kiasi, na riwaya inaonyesha bila kuficha jinsi unavyomponda.

Nje ya Afrika, kitabu kinachosomwa sana juu ya jambo hili ni A Separate Peace cha Mmarekani John Knowles, cha mwaka 1959, kuhusu wanafunzi wawili wa bweni katika jimbo la New Hampshire mwaka 1942, wakati wenzao wakubwa wanaitwa vitani. Gene ni hodari darasani; Phineas, aitwaye Finny, ni hodari katika kila mchezo na anapendwa na kila mtu. Gene anajishawishi kwamba Finny naye anamwonea kijicho na anampotezea muda wa kusoma kwa makusudi, na wazo hilo linamfariji, kwa kuwa linawafanya wawe sawa katika ubaya. Pigo linakuja pale anapogundua kwamba Finny hakuwahi kushindana naye hata siku moja. Ni baada ya ugunduzi huo, wakiwa juu ya mti kando ya mto, ndipo Gene anapolitikisa tawi, Finny anaanguka na mguu unavunjika. Uchunguzi wa Knowles ni wa kina, na hapana budi kukiri kwamba ameliona jambo ambalo Gurnah halifikii, yaani kwamba mwenye kijicho huumizwa zaidi na wema wa mwenzake kuliko na uadui wake. Hata hivyo shule ile ni ya watoto wasiodaiwa na mtu, na chanzo cha kijicho kinatafutwa ndani ya moyo wa Gene peke yake. Yusuf na Khalil wanajua nani amewashika na kwa deni la nani, na ujuzi huo ndio unaowakinga wasiumizane kwa namna ya Gene.

Gurnah mwenyewe alilirudia jambo hili miaka 31 baadaye, katika Theft ya mwaka 2025, lakini humo deni limebadilika umbo. Badar ni kijana mtumishi katika nyumba ya Dar es Salaam, Karim ni kijana msomi wa nyumba hiyo, na Badar anaposingiziwa wizi Karim ndiye anayemchukua hadi Zanzibar, akamweka kwake na kumsaidia kupata kazi hotelini. Hapo hakuna rehani wala tajiri wa misafara. Kuna fadhila, na fadhila kati ya wavulana wawili haina siku ya kulipwa ikaisha. Aliyetenda wema anabaki na haki ya kuukumbusha, na aliyetendewa anabaki akipima kila neno lake.

Katika fasihi iliyoandikwa moja kwa moja kwa Kiswahili, taswira kali kuliko zote ya mashindano haya ni Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyeishi kati ya mwaka 1944 na 2020. Katika riwaya hiyo ya mwaka 1974, Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anafika kuomba kibarua katika ofisi ya Manase, rafiki wa ujana wake ambaye sasa ana cheo, na kipimo cha shule kinaonekana kimegeuka kuwa kipimo cha meza na kiti. Manase amempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Naye Kazimoto anakusudia kulipiza kwa Sabina, dada yake Manase, ambaye mwishowe anamwoa. Wavulana wanashindana wao kwa wao, na pigo linapelekwa kwa dada.

Mhakiki Mfaransa René Girard, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu riwaya, aliita jambo linalofanana na hilo tamaa ya kuiga, akiwa na maana kwamba mtu hukitamani kitu kwa sababu mwingine anakitamani au anacho, na kwamba macho yake, hata yanapoonekana kumtazama mwanamke, kwa kweli yanamtazama mshindani. Nadharia hiyo inaeleza vizuri sana nia ya Kazimoto, ambaye anamfuata Sabina mwanzoni kwa sababu ni dada wa Manase, lakini ina kasoro inayojirudia katika riwaya zenyewe: inamwacha msichana akiwa kona ya tatu ya pembetatu, mtu wa kugombewa tu. Rukia anakufa na msomaji anabaki akifuatilia kinyongo cha kaka yake. Peponi inakwenda hatua moja mbele, kwa sababu Amina anapewa nafasi ya kumsimulia Yusuf maisha yake kwa kinywa chake, akiitazama hali yake bila kujidanganya, na maneno yake yanaonyesha kwamba ameyafikiria mambo ya nyumba ile kwa muda mrefu na kwa uwazi kuliko wavulana wote wawili. Lakini vita vya mwaka 1914 vinapokaribia, askari wa Wajerumani wanapita wakikamata watu, na Yusuf anakimbia kuufuata msafara wao, Gurnah anamwacha Amina ndani ya ukuta wa bustani pamoja na tajiri, na Khalil anabaki dukani. Bado inasubiriwa riwaya ya pwani au ya bara itakayoanzia upande huo wa ukuta, iwaone wavulana hao wawili kwa macho ya msichana huyo.